Shajara ya mradi wa Comanche: helikopta ya upelelezi iliyopunguzwa idadi hadi ikaisha

Shajara hii inafuata mradi mmoja: RAH-66 Comanche, helikopta ya upelelezi ambayo jeshi la nchi kavu la Marekani lilihangaika nayo kwa zaidi ya miaka 20. Nimeipanga kwa tarehe, na kila pale idadi ya ndege zilizokusudiwa kununuliwa ilipobadilika nimeiandika chini ya ingizo. Uzito nao nimeufuatilia. Moja ya tarakimu hizo ilikuwa ikishuka na nyingine ikipanda, na mtu akizishika zote mbili ataielewa Comanche vizuri kuliko akisoma jedwali la kasi na silaha peke yake.

1982 hadi 1984: wazo

Jeshi lina maelfu ya helikopta zilizochoka tangu vita vya Vietnam: UH-1 za kubeba askari, AH-1 Cobra za kushambulia, OH-6 na OH-58 za upelelezi. Hizi za mwisho ndizo zinazonigusa zaidi. Kazi ya helikopta ya upelelezi ni kutangulia. Inaruka chini kabisa, inachungulia nyuma ya kilima, inamwona adui kabla adui hajaiona, kisha inawaita wenye silaha nzito. Kule Vietnam OH-6 ilikuwa ikipita chini kwenye vilele vya miti, mara nyingi ikivuta risasi za adui, huku Cobra ikingoja juu yake tayari kujibu. Wasomaji wa Kenya wanaifahamu familia hiyo kwa macho, kwa sababu Hughes 500 za jeshi la Kenya ni ndugu wa damu wa OH-6.

Tatizo ni kwamba vita vinavyotarajiwa sasa ni vya Ulaya ya kati, mbele ya majeshi ya Kisovieti yenye rada na makombora ya kutungulia ndege yanayotembea sambamba na vifaru. Ndege ndogo ya bati haidumu hapo.

Mpango unaanza kwa jina la LHX. Wazo lake ni ndege moja ya msingi yenye matoleo mawili, moja la upelelezi na mashambulizi, jingine la kubeba watu na mizigo. Injini iwe ileile, vipuri vilevile, mafundi wafunzwe mara moja. Yeyote aliyewahi kusimamia gereji yenye magari ya aina tano tofauti ataelewa kwa nini wakuu walilipenda wazo hilo.

Idadi: takriban 5,000.

1984 hadi 1987: majaribio ya vipande

Kabla ya kuunda ndege nzima, wahandisi wanajaribu sehemu zake. Mwaka 1984 Sikorsky inarusha S-75, helikopta ambayo bodi yake karibu yote ni kompoziti, yaani nyuzi ngumu zilizoshikamanishwa kwa gundi ya kikemikali badala ya alumini. Mwaka unaofuata Bell nayo inarusha D292 ya aina hiyohiyo. Majaribio hayo yanaonyesha kwamba bodi ya namna hiyo inaweza kupunguza uzito na bado ikahimili kutua kwa kishindo.

Mwaka 1985 linakuja jaribio jingine ambalo mimi nalithamini sana. Sikorsky inachukua S-76, helikopta ya kiraia ya abiria, na kuichomekea chumba kingine cha rubani puani, mbele ya kile cha kawaida. Inaitwa Shadow. Rubani mmoja anakaa puani akiwa amezungukwa na skrini, na marubani wengine wako nyuma yake kumwokoa akizidiwa. Sababu ni kwamba LHX ilitakiwa iwe ya mtu mmoja. Mtu huyo mmoja, usiku, mita chache juu ya ardhi, aendeshe ndege, asome ramani, aangalie kamera ya joto, azungumze redioni na afyatue kombora. Kompyuta zilitarajiwa kumbebea sehemu kubwa ya mzigo huo.

Hatimaye jeshi linakubali viti viwili. Kwangu mimi huu ni uamuzi bora kuliko mwingine wowote katika mradi mzima. Upelelezi ni kazi ya macho, na macho yanayokwepa nyaya za umeme hayawezi wakati huohuo kuhesabu vifaru.

Miaka hiyo pia kunazuka mjadala wa umbo. Bell inatamani ndege ya rafadha (mapanga yanayozunguka) zinazoinama, inayopaa wima kisha ikaruka kama ndege ya mabawa. Ina kasi kubwa, lakini bei yake haishikiki. Jeshi linarudi kwenye helikopta ya kawaida.

1988: zabuni

Toleo la kubeba watu linafutwa. Kuanzia hapa LHX ni ndege ya upelelezi na mashambulizi tu, na ile hoja ya ndege moja kwa kazi zote, iliyouza wazo tangu mwanzo, imekwisha. Mradi unaendelea kama vile hoja hiyo haikuwa nguzo.

Juni zabuni inatolewa, na Oktoba kambi mbili zinapewa mikataba ya kuthibitisha michoro yao: Boeing pamoja na Sikorsky upande mmoja, Bell pamoja na McDonnell Douglas upande mwingine. Mwaka huohuo injini inapatikana, T800 ya kampuni ya ubia LHTEC iliyoundwa na Allison na Garrett. Ni injini ndogo yenye nguvu kubwa kwa umbo lake, na itakutana nasi tena mwishoni.

Lengo la uzito linatajwa kila mahali: kilo 3,400 hivi, ndege ikiwa tupu.

Idadi: 2,096.

1989 hadi 1990

Novemba 1989 Ukuta wa Berlin unafunguliwa. Katika shajara ya mradi tarehe hiyo ina uzito kuliko jaribio lolote la kiufundi, kwa sababu adui aliyechorewa ndege hii ameanza kuondoka uwanjani. Michoro haibadiliki.

Mwaka 1990 Sikorsky inajaribu mkia mpya kwa kuufunga kwenye S-76B: feni iliyofichwa ndani ya pezi la mkia. Wafaransa waliutangulia mtindo huo katika Gazelle, ila hapa unatengenezwa mkubwa na wenye nguvu zaidi. S-76B inazunguka papo hapo angani na kwenda upande kwa kasi ambayo mkia wa kawaida usingeiruhusu. Feni iliyozungushiwa ukuta hainasi matawi ya miti, haimkati fundi anayepita nyuma ya ndege, na haing'ai kwenye rada kama mapanga yaliyo wazi.

Idadi: 1,292.

5 Aprili 1991: mshindi

Boeing na Sikorsky wanashinda. Mkataba ni wa dola bilioni 2.8, na unahusu ndege za majaribio. Kambi iliyoshindwa ilikuwa imeleta mkia usio na rafadha kabisa, unaosukuma hewa kupitia tundu la boriti ya mkia.

Ndege inapewa jina rasmi la RAH-66 Comanche, kwa desturi ya jeshi hilo ya kuzipa helikopta zake majina ya mataifa ya wenyeji wa Marekani. Herufi R na A ni za upelelezi na mashambulizi. Vita vya Ghuba vimemalizika Februari, na ndege ya F-117 imeionyesha dunia maana ya kuikwepa rada. Hakuna wakati mzuri kuliko huo wa kuuza helikopta inayojificha.

1991 hadi 1994: jinsi ya kuificha helikopta

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndiyo sehemu iliyonifanya niipende Comanche tangu nilipoisoma mara ya kwanza.

Kuificha helikopta ni kazi ngumu kuliko kuificha ndege ya kivita ya mabawa. Ina mapanga yanayozunguka juu, kitovu cha rafadha kilichojaa fito na bawaba, injini mbili zinazotema moto, na kelele inayosikika kabla haijaonekana. Wahandisi wanalishughulikia kila moja kwa zamu yake.

Kwanza bodi. Pande zake zimeinamishwa na kunyooshwa ili mawimbi ya rada yakigonga yasirudi yalikotoka. Magurudumu yanaingia ndani. Silaha hazining'inii nje, bali zimo katika vyumba viwili vya ubavuni, na kila mlango umebeba makombora matatu ya Hellfire upande wake wa ndani. Rubani anapotaka kufyatua, mlango unafunguka, kombora linatoka, mlango unafungwa. Mlango huohuo ukiwa wazi chini uwanjani, fundi anasimama juu yake na kufanya kazi. Mzinga wa puani wa mitutu mitatu, wa milimita 20, usipotumika unageuzwa kinyumenyume na kulazwa ndani ya kifuniko chake, ili hata mtutu wake usirudishe mwangwi.

Halafu joto. Katika helikopta nyingi hewa ya moto hutoka kwenye bomba fupi kando ya injini, na kombora linalofuata joto halihitaji zaidi ya hapo. Comanche inaipitisha ndani ya mkia wenyewe. Hewa ya moto inachanganywa na hewa baridi iliyovutwa kutoka nje, kisha inatolewa taratibu kupitia nyufa ndefu pande zote mbili za mkia, ikielekea chini. Kwa maelezo ya watengenezaji, joto linaloonekana ni robo ya lile la helikopta za wakati huo, na mwangwi wake wa rada ni mdogo mara 360 kuliko wa Apache, helikopta ya mashambulizi ya jeshi hilohilo.

Kelele nayo inapunguzwa. Rafadha ina mapanga matano yenye ncha zilizorudi nyuma, nayo imefungwa bila bawaba za kawaida: kompoziti yenyewe inapinda pale ambapo zamani palikuwa na beringi. Kipenyo chake ni mita 11.9. Ule mkia wa feni una mapanga manane.

Jambo la mwisho la hapa ni la mafundi, na magazeti ya wakati ule hayakulipa nafasi liliyostahili. Uti wa mgongo wa Comanche ni boriti ya kompoziti yenye umbo la sanduku inayopita katikati ya bodi, nayo ndiyo inayobeba mzigo wote. Ngozi ya nje haibebi kitu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ngozi hiyo ni milango: unafungua, unafika kwenye kompyuta, kwenye bomba, kwenye gia, bila kung'oa chochote njiani. Tundu la risasi kwenye ngozi haliivunji ndege nguvu. Mtu aliyechora hivyo alimfikiria fundi mwenye tochi mdomoni, usiku, kwenye vumbi.

Ndani kuna viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, rubani akiwa mbele. Usukani haujaungwa na rafadha kwa fito. Unatuma ishara ya umeme kwa kompyuta, na mfumo huo umerudufiwa mara tatu ili hitilafu moja isiangushe ndege. Kile vihisi vya puani vinachokiona kinapelekwa kwenye kofia ya rubani, na picha ya adui inarushwa kwa data hadi kwa Apache na mizinga ya nyuma. Hiyo ndiyo maana ya upelelezi ilivyoeleweka miaka ile ya 1990: ione, itume, iondoke.

Desemba 1994: kisu cha kwanza

Wizara ya ulinzi chini ya William Perry inapunguza matumizi. Ndege za majaribio zinabaki mbili tu, na uamuzi wa kuanza uzalishaji unaahirishwa. Mradi haufutwi. Unapewa fedha za kuuweka hai lakini haupewi za kuumaliza, na naamini hapo ndipo ugonjwa ulipoingia. Ndege inayocheleweshwa haisimami bure: kila mwaka unaopita unaleta kifaa kipya ambacho mtu fulani ofisini anaona lazima kiwemo.

25 Mei 1995

Ndege ya kwanza inatolewa hadharani katika kiwanda cha Sikorsky, Stratford, jimbo la Connecticut. Kisha inasafirishwa hadi West Palm Beach, Florida, kwa majaribio ya kuruka. Ratiba ilisema itaruka Agosti. Matatizo ya bodi na ya programu za kompyuta yanaisukuma mbele.

4 Januari 1996: inaruka

Marubani wa majaribio Bob Gradle na Rus Stiles wanaipaisha Comanche kwa mara ya kwanza. Tangu LHX ianze kuandikwa makaratasini imepita zaidi ya miaka 12. Walioirusha waliusifu wepesi wake wa kugeuka, na picha za video za miaka hiyo zinathibitisha: ndege inakwenda mbele, pua inageuzwa upande, nayo inaendelea na njia yake ikiangalia kwingine. Kwa mpelelezi huo ni uwezo wa kuokoa maisha. Unamtazama adui huku ukiondoka.

1996 hadi 1999

Majaribio yanakwenda polepole kwa sababu ndege ni moja. Hitilafu kubwa inayojitokeza ni mkia kutikiswa. Hewa iliyovurugwa na rafadha na kitovu chake inateremka na kuupiga mkia mpana, na mtikisiko unazidi kadiri kasi inavyoongezeka, hadi ndege inawekewa mpaka wa kasi. Dawa yake haikuwa moja. Umbo la sehemu iliyo chini ya rafadha lilichongwa upya, na bawa dogo la juu ya mkia likaongezewa vibao viwili vya wima kwenye ncha zake. Ukilinganisha picha za mwanzo na za baadaye utaviona vibao hivyo mara moja.

Hilo si jambo la kumlaumu mhandisi. Kila helikopta mpya inayo dosari yake ya hewa ambayo hakuna hesabu inayoitabiri yote, na kazi ya ndege ya majaribio ni kuitoa dosari hiyo mapema. Lawama iwaendee walioamua kwamba ndege moja inatosha kwa miaka mitatu. Ya pili iliruka tarehe 30 Machi 1999.

Idadi: 1,213.

Juni 2000 hadi 2001: uzito

Mkataba wa dola bilioni 3.1 unatiwa saini kwa hatua ya uhandisi na maandalizi ya uzalishaji. Kwa mara ya kwanza tangu 1994 mradi una fedha za kueleweka. Lakini ndege iliyolengwa kuwa na kilo 3,400 sasa imevuka kilo 4,200 ikiwa tupu, na wakaguzi wa Bunge la Marekani wanauweka uzito miongoni mwa hatari za mradi.

Nieleze kwa nini kilo hizo zinauma. Sharti kuu la Comanche lilikuwa kupaa wima kwa futi 500 kwa dakika ikiwa mita 1,219 juu ya usawa wa bahari, kwenye joto la nyuzi 35. Mji wa Dodoma uko chini kidogo tu ya mwinuko huo. Hewa ya mahali pa juu ni nyembamba, na ya joto ni nyembamba zaidi. Mapanga yanashika hewa kidogo, na injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo unapoteza mara mbili kwa wakati mmoja. Rubani wa helikopta yeyote wa bara letu anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa. Ndege inayopaa vizuri asubuhi ya pwani inaweza kukataa kuondoka mchana wa nyanda za juu.

Uzito huo haukutoka kwa mtu mmoja. Watu wa rada walitaka rada ya Longbow juu ya rafadha kwa baadhi ya ndege. Watu wa silaha walitaka mabawa ya kuchomeka pembeni yabebe Hellfire nane zaidi, na ukishachomeka mabawa hayo, sehemu ya ule ufundi wote wa kuikwepa rada unaitupa mwenyewe. Watu wa mipango walitaka ivuke bahari kwa matangi ya ziada bila kubebwa na ndege kubwa. Kila ombi lilikuwa na sababu ukilisikiliza peke yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Jibu la mradi lilikuwa kuongeza nguvu ya injini, ambayo ilikuwa imeanza na nguvu farasi 1,200 hivi na kufika zaidi ya 1,500. Ndege mbili za majaribio zinaendelea kubeba lawama za ndege ambayo bado haijatengenezwa.

2002

Mradi unapangwa upya tena, na tarehe ya kuingia kazini inasogezwa hadi 2009. Ndege ya kwanza ya majaribio inastaafishwa.

Idadi: 650.

24 Machi 2003: Karbala

Ingizo hili halina Comanche ndani yake, ila bila hilo mwisho wa mradi hauelezeki. Usiku wa kuamkia tarehe 24, Apache zaidi ya 30 zinatumwa kushambulia vikosi vya Iraq karibu na Karbala. Zinapokelewa na risasi kutoka kwenye paa za nyumba na vichochoro, bunduki za kawaida na mizinga midogo. Moja inaangushwa na marubani wake wawili wanatekwa. Karibu zote zilizobaki zinarudi na matundu.

Mwanajeshi mwenye bunduki juu ya paa haangalii rada. Anaangalia juu. Miezi iliyofuata, helikopta zilizopotea Iraq ziliangushwa kwa makombora ya begani, maroketi ya mkononi na risasi. Ufundi wa Comanche dhidi ya joto na kelele ungesaidia kwa sehemu, na hilo watetezi wake walilisema kwa haki. Lakini sehemu kubwa ya gharama yake ilikuwa imelipiwa kuikwepa rada, na askari waliokuwa wakiruka kila siku walihitaji vifaa vya kujikinga kwenye Black Hawk, Chinook na Kiowa (zile OH-58) walizokuwa nazo tayari.

Huku nyuma ndege zisizo na rubani zimeanza kuchungulia nyuma ya vilima bila kuhatarisha mtu. Picha zilizorudishwa na ndege hizo zilikuwa jibu la bei nafuu kwa swali lilelile ambalo Comanche ilijengwa kulijibu.

23 Februari 2004: inafutwa

Kaimu waziri wa jeshi Les Brownlee na Mkuu wa Jeshi la Nchi Kavu, Jenerali Peter Schoomaker, wanatangaza kwamba Comanche imefutwa. Zimetumika takriban dola bilioni 6.9. Katika miaka iliyokuwa mbele, hadi 2011, jeshi lilikuwa limetenga dola bilioni 14.6 ili kupata Comanche 121. Sasa fedha hizo zinaelekezwa kwenye ununuzi wa helikopta karibu 800 za aina nyingine na ukarabati wa zaidi ya 1,400 zilizopo.

Soma tena tarakimu hizo: 121 upande mmoja, 800 na 1,400 upande wa pili, kwa fedha zilezile. Ninaipenda ndege hii, na bado nikiwekwa kwenye kiti cha Schoomaker siku ile nisingekuwa na uamuzi mwingine. Makosa yalishafanyika mapema zaidi, mwaka 1988 hoja ya msingi ilipoondolewa bila mradi kufikiriwa upya, na mwaka 1994 ulipoachwa nusu hai. Mwaka 1991, ukuta ukiwa umeshaanguka, ilikuwa bado inawezekana kuchora ndege ya upelelezi iliyo nyepesi kweli, yenye mkia ule wa feni, ngozi ile ya milango na vihisi vilevile, bila kulipia kila kipimo cha rada. Ingeruka mapema na ingenunuliwa. Hayo ni maoni yangu, na najua wapo wahandisi watakaoyapinga kwa hoja.

Idadi: 0. Zile mbili zilizoruka ziko katika makumbusho ya usafiri wa anga ya jeshi, Alabama.

Kilichobaki kikifanya kazi

Injini haikufa. T800 ilipata toleo la kiraia na la kuuza nje, CTS800, na leo inasukuma Wildcat za Uingereza, T129 za Uturuki na Super Lynx 300 za nchi kadhaa, zikiwemo za Jeshi la Anga la Oman. Msomaji wa Maskati akisikia Super Lynx ikipita juu ya pwani, anasikia mashine iliyozaliwa kwa ajili ya LHX. Utafiti wa vihisi vya usiku nao uliingia katika macho mapya ya Apache, yaitwayo Arrowhead.

2005 hadi 2008: ARH-70

Jeshi linajaribu njia ya mkato: lichukue helikopta ya kiraia iliyokwisha kuthibitishwa, Bell 407, na kuivisha vihisi na silaha. Mkataba ni wa Julai 2005 kwa ndege 368. Februari 2007 moja ya ndege za majaribio inapoteza nguvu ya injini ikiwa angani na kuanguka kwenye uwanja wa gofu. Waliomo wanapona. Bei ya ndege moja inapanda kutoka dola milioni 8.6 hadi 14.5, na Oktoba 2008 mradi unafutwa. Kiowa za zamani zinaendelea na kazi kwa miaka kadhaa, kisha zinastaafishwa bila mrithi wake kuingia kazini. Apache zinapewa upelelezi zikisaidiwa na droni.

2018 hadi 8 Februari 2024: FARA

Huu ni mradi wa tatu wa helikopta ya upelelezi, kwa jina la FARA. Machi 2020 wanabaki washindani wawili, Bell 360 Invictus na Sikorsky Raider X. Invictus, katika michoro yake ya kwanza, ina viti viwili kimoja nyuma ya kingine, mkia wa feni uliozungushiwa ukuta na silaha zilizofichwa ndani. Asiyeona Comanche hapo hajaitazama. Raider X ina rafadha mbili zinazozunguka kinyume juu ya mhimili mmoja na msukumo wa nyuma kwa ajili ya kasi. Ndege zote mbili zinajengwa karibu kumalizika, kisha zinasubiri injini ya T901 ya General Electric, ambayo inachelewa.

Tarehe 8 Februari 2024 jeshi linatangaza kufuta FARA baada ya kutumia takriban dola bilioni 2. Mkuu wake, Jenerali Randy George, anasema vita vya Ukraine vimeonyesha kwamba upelelezi wa angani umebadilika kimsingi, kwa droni na vihisi vilivyo rahisi na vilivyotapakaa kila mahali. Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Ninachokishikilia ni kwamba droni hukatiwa mawasiliano, na mpelelezi aliyepo mwenyewe huendelea kuamua hata redio ikizimwa. Atakayeandika masharti ya chombo kinachofuata alizingatie hilo kabla ya kuanza kuongeza uzito.

Tangazo hilohilo liliziondoa pia droni za Shadow na Raven zilizokuwa zimeifanya kazi hiyo tangu Iraq. T901 haikufutwa. Uzalishaji wake uliahirishwa na injini ikarudishwa kwenye maendelezo, ikisubiri kufungwa kwenye Black Hawk na Apache.